Mauzo ya Tarehe Mbili

Mzee Badi alikuwa na kiwanda cha magodoro Changamwe, na mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane shida yake kubwa ilikuwa kukosa usingizi. Mvua za El-Nino zilikuwa zimelowesha magodoro ya nusu ya pwani. Watu walikuwa wakija kununua kwa fujo, duka la pili lilikuwa limefunguliwa Kisauni, na lori la kiwanda lilikuwa halipoi injini. Zamani akimwona mtu anaingia dukani, alishamjua: huyu futi nne kwa sita, huyu anapima tu, huyu ametumwa na mkewe na atarudi kubadilisha kitambaa. Sasa wateja walikuwa wengi kuliko macho yake. Usiku alikuwa akigeuka huku na huku akijiuliza wanatoka wapi, wanataka nini, na kesho watataka nini.

"Mwenye magodoro mia tatu ghalani, na hana linalomlaza," alisema mkewe, Bi Johari, akivuta shuka upande wake.

Aliyeleta fikra ya kununua kompyuta alikuwa Mwikali, karani wa ofisi, binti wa Kikamba aliyezaliwa hapo hapo Changamwe, baba yake alipokuwa akifanya kazi reli. Mwikali alikuwa amesoma kompyuta mjini, na alimweleza Mzee Badi kwamba siku hizi kuna programu za kuchambua biashara. Unaiandikia kila kinachouzwa, tarehe, jina la mteja, mtaa wake na aina ya godoro. Nayo inakuchorea picha: mtaa gani wanunua zaidi, siku gani, futi ngapi.

"Picha?" Mzee Badi aliuliza.

"Milia ya rangi, Mzee. Mlia mrefu ni mauzo mengi."

Mzee Badi alipenda habari ya milia. Mwisho wa Januari akaja kijana kutoka Nairobi, Kioko, akiwa na kompyuta, printa na visahani vya programu. Alikaa siku chache akiwafundisha. Siku ya kuondoka, basi lake likiwa limeshakatiwa tikiti, aliwakusanya wote ofisini. Alikuwapo Mzee Badi. Alikuwapo Mwikali. Alikuwapo Mishi, binti wa kaka yake Mzee Badi, aliyekuwa akiuza katika duka la kiwandani. Na alikuwapo Elkana, kijana wa bara aliyeendesha lori na kupeleka mizigo kwa wateja wakubwa, aliyejiita mkuu wa mauzo bila mtu kumkataza.

"Kuna ukurasa mmoja ambao si wa kila mtu," Kioko alisema, akiufungua. "Unaitwa mipangilio. Hapa ndipo programu inapoambiwa iko nchi gani, saa ni ngapi, wiki ina siku zipi, mitaa inagawanywa vipi, na nani aone nini. Ukiharibika ukurasa huu, kila kitu kingine kitaonekana kizima lakini kitakuwa kinasema uongo. Kwa hiyo mtu mmoja tu ndiye awe na neno la siri. Huyo ndiye msimamizi. Nimemweka Mwikali."

Mzee Badi aliinamia kioo cha kompyuta kwa muda.

"Yaani katika kiwanda changu mna chumba ambacho mimi siingii?"

"Si chumba, Mzee. Ni ukurasa."

"Ukurasa wenye kufuli ni chumba."

Kioko alijaribu kueleza kwamba hata wenye makampuni makubwa Nairobi hawana neno hilo, na wala hawalitaki. Mzee Badi akasema hao ni wa Nairobi. Kioko akatazama saa yake, akamwongeza Mzee Badi kuwa msimamizi wa pili. Hapo Mishi akanuna. Kama ami yake anaingia na Mwikali anaingia, yeye amekosa nini hata aachwe nje kama kuku? Kioko akamwongeza. Elkana akasema, kwa upole, kwamba mkuu wa mauzo asiyeweza kugusa mauzo si mkuu. Dereva wa teksi alikuwa akipiga honi. Kioko akawafanya wote wanne wasimamizi, kwa neno moja la siri ambalo Mzee Badi mwenyewe alilichagua. Neno lenyewe lilikuwa "godoro".

"Basi mkibadilisha kitu, ambianeni," Kioko alisema akiwa mguu mmoja ndani ya teksi.

Wote wakaitikia kwamba wataambiana. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Mzee Badi alikuwa wa kwanza. Asubuhi moja alifika kabla ya wenzake, akafungua ule ukurasa kwa sababu tu alikuwa na haki ya kuufungua, akatengeneza kidogo mahali palipoonekana kwake hapajakaa sawa, akaufunga, akaagiza chai. Alijisikia vizuri sana. Hao wengine nao waliingia kwa zamu zao, kila mtu na lake, na kila mmoja akatoka akiamini ameisaidia mashine.

Kazi ikaanza. Mwanzo wa Februari Mishi alikuwa akiandika mauzo ya kiwandani, na Mwikali akiandika ya duka la Kisauni, ambayo karatasi zake zililetwa na lori. Tarehe kumi na mbili Mzee Badi hakuweza kuvumilia tena. Akataka kuona milia.

Mwikali akabonyeza. Printa ikalia kama cherehani, karatasi ikatoka. Mwikali akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mzee, nadhani kuna kosa."

"Lete."

Ilikuwa milia kumi na miwili, imesimama kwa mstari. Mlia wa Januari ulikuwapo, wa Februari ulikuwapo. Lakini Machi ulikuwapo pia, tena mrefu kuliko yote, na Aprili, na Mei, hadi Desemba. Chini ya kila mlia paliandikwa siku ya mauzo. Kila mwezi ilikuwa siku moja tu, na siku yenyewe ilikuwa ile ile: tarehe mbili. Januari mbili, Februari mbili, Machi mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwaka.

"Tuko Februari, Mzee," Mwikali alisema. "Itakuwaje tumeuza Oktoba?"

Mzee Badi alikuwa amekwenda dirishani kwenye mwanga, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeambiwa kapata mjukuu.

"Hatujauza. Tutauza." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Mashine hino yaona mbele."

"Haiwezi, Mzee."

"Kwa nini tarehe mbili? Hebu fikiri, binti. Watu hulipwa lini? Mwisho wa mwezi. Tarehe mosi wampa mwenye nyumba kodi yake. Tarehe mbili ndipo mtu hukumbuka mgongo wake. Mimi nimeuza magodoro miaka ishirini, sikuliona hilo. Mashine imeliona kwa wiki mbili!"

Mishi alikuja kutazama. Elkana naye akaja, akanyosha shingo juu ya bega la Mishi.

"Na Februari mbili," Mzee Badi aliendelea, "hatukuuza siku hiyo?"

"Tuliuza, ami," Mishi alisema. Akasoma majina. "Kweli, hawa wote walikuja siku hiyo. Huyu ni yule wa Miritini aliyetaka kitambaa cha maua."

"Umeona! Iliyopita imeisema sawa. Basi ijayo itaikosea kwa nini?"

"Lakini tarehe tatu pia tuliuza," Mwikali alisema. "Nne, tano, zote tuliuza. Mbona hazimo?"

Mzee Badi alilifikiria swali hilo kwa haki.

"Zimeshauzwa," alisema. "Ya kuzitaja tena ni nini?"

Mwikali hakuridhika, lakini alikuwa na wiki mbili tu na programu ile, na mwenye kiwanda alikuwa akicheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Elkana alikuwa amekwisha kupitia mlia wa Machi.

"Mzee, cheki hii. Machi mbili, ile hoteli ya Shanzu. Magodoro themanini."

"Si tuliwapelekea themanini juzi?"

"Ndio. Wanataka zingine."

"Basi yamewapendeza," Mzee Badi alisema.

Mishi naye alikuwa ameshuka hadi Septemba. Ghafla akaweka mkono mdomoni.

"Ami! Mwidani wa Mikindani! Septemba mbili, godoro futi sita kwa sita!"

Hata Mzee Badi ilibidi akae. Mwidani alikuwa sahibu yake tangu ujana, mstaafu wa bandarini, mtu wa zaidi ya miaka sitini ambaye hajawahi kuoa. Kitanda chake cha futi mbili na nusu kilikuwa kikijulikana Mikindani nzima, kwa sababu kila aliyemshauri kuoa alijibiwa kwamba nafasi hakuna. Sasa mtu huyo atanunua godoro la watu wawili, tena wawili wanene.

"Futi sita kwa sita si la kulalia peke yako," Mishi alisema, macho yakimng'aa. "Hilo ni la bibi harusi."

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika Mikindani. Ilipandishwa lori na Elkana, ikashushwa kwenye kibanda cha viazi karai cha Bi Kafedha, mjane mwenye sauti nzito na mkono mwepesi, na pale ikasambaa pamoja na viazi.

Nyumbani, Bi Johari aliisikiliza habari yote ya mashine akiwa anachambua mchele.

"Mambo ya ghaibu ayajua Mwenyezi Mungu peke yake," alisema. "Wewe wayatafuta ndani ya sanduku la plastiki?"

"Si ghaibu, ni hesabu."

"Basi iulize kesho nitapika nini. Kama ni hesabu itajua, maana mchele ndio huu na samaki hujaleta."

Lakini usiku ule Mzee Badi alilala kama mtoto, na asubuhi yake akaanza kuendesha kiwanda kwa kufuata milia. Aliwaambia mafundi waache saizi nyingine zote, washone magodoro themanini ya hoteli, ya mistari ya buluu. Dukani alitaka bidhaa zisimalizwe kidogo kidogo na watu wasio na mpango, zikangoje tarehe mbili. Alikaa mlangoni mwenyewe kuhakikisha. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, akataka godoro dogo la kitanda cha mtoto.

"Wewe si wa leo, mwanangu," Mzee Badi alimwambia kwa upole. "Wewe umepangwa tarehe mbili."

"Nimepangwa na nani?"

"Njoo tarehe mbili utaona wenzako."

"Mtoto alale wapi mpaka tarehe mbili?"

Hilo halikuwamo kwenye karatasi. Yule mama akasonya, akavuka barabara, akanunua kwa Mhindi wa upande wa pili. Siku zile walivuka wengi. Mwikali alikuwa akiwahesabu kwa macho kupitia dirishani na moyo ukimwuma, lakini kila alipotaka kusema, Mzee Badi alikuwa akiinua kidole na kusema, "Tarehe mbili, inshallah."

Siku yenyewe ikaangukia Jumatatu. Alfajiri lori lilikuwa tayari, limefungwa magodoro themanini kwa kamba, juu kama ghorofa. Mzee Badi alivaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia ya vito, akapanda mbele na Elkana. Alitaka kuwaona watu wa hoteli wakishangaa. Ilikuwa mara ya kwanza duniani mteja kuletewa kitu kabla hajakitaka.

Walivuka daraja la Nyali, wakapita Kisauni, wakafika Shanzu jua likianza kuuma. Askari wa geti alimwita Bi Margret, mama wa makamo aliyekuwa akisimamia manunuzi ya hoteli. Alitoka na kalamu sikioni, akalitazama lori toka chini mpaka juu.

"Shikamoo Mzee. Mmeleta nini?"

"Marahaba. Tumeleta magodoro yenu themanini."

"Yetu tulishapata mwezi jana."

"Haya ni mengine."

"Sisi hatujaagiza mengine."

"Bado," Mzee Badi alisema, akitabasamu. "Mtaagiza leo. Tumewahi tu."

Bi Margret alimtazama Elkana, kama mtu anayetafuta mwenye akili katika kundi. Elkana alikuwa akikagua tairi.

"Mzee wangu, tuna vitanda themanini. Vina magodoro themanini. Ya pili tutayaweka wapi?"

Mzee Badi alifikiri. "Juu ya yale ya kwanza."

"Wazungu watagonga vichwa kwenye dari!"

"Hatuna haraka," Mzee Badi alisema. "Tutangoja mpaka haja yenyewe ifike."

Akaomba kiti. Askari akamletea kiti cha plastiki, na Mzee Badi akakaa kivulini getini, mikono juu ya fimbo, akimwamkua kwa heshima kila aliyeingia. Kila gari la hoteli lilipopita alikuwa akisimama nusu, akidhani wamekuja kuagiza. Watalii wawili walimpiga picha. Kufika adhuhuri Bi Margret alimletea juisi ya ukwaju, akamwambia, kwa sauti ya binti kwa baba yake, "Nenda nyumbani, Mzee. Wallahi tukitaka nitakupigia simu mwenyewe." Hapo ndipo kanzu ilipoanza kumbana kwapani. Walirudi, lori likiyumba kwa mzigo uleule.

Changamwe nako hapakuwa na watu. Mwikali na Mishi walikuwa wameweka viti vya ziada na pipa la maji ya kunywa kwa ajili ya umati wa tarehe mbili. Kufika saa nane mchana walikuwa wameyanywa maji wenyewe. Mteja aliyekuja alikuwa mmoja tu, na alikuja na godoro lake kichwani.

Lilikuwa la futi sita kwa sita. Lilimfunika mbeba mpaka kiunoni, likagonga fremu ya mlango kulia, likagonga kushoto, kisha likainama na kuingia ubavu. Chini yake akatokea Mwidani, jasho limemlowa, kofia imepinda.

Mzee Badi aliporudi alimkuta amekaa juu ya hilo godoro katikati ya ofisi, na hataki kuondoka.

"Badi," Mwidani alisema, "n'mekukosea nini?"

"Sahibu yangu, kuna nini?"

"Dada zangu wawili wametoka Likoni, wamehamia kwangu kungoja harusi. Nimeletewa posa na watu wa Jomvu, wao wananiposa mimi! Kijana wa msikitini ameniuliza mahari. Nikipita kwa Kafedha kununua viazi, wanawake wote wananyamaza. Nauliza harusi ya nani, naambiwa yangu, mwezi wa tisa, kompyuta ya Badi imesema. Imesemaje?"

Mishi, kwa sauti ndogo, akaeleza kwamba ilisema atanunua godoro futi sita kwa sita.

"Hili?" Mwidani alilipiga kofi, vumbi likaruka. "Hili nimeshalinunua! Daktari ameniambia mgongo wangu wataka godoro pana na gumu. Nikaenda kulinunua Kisauni makusudi, kwa sababu najua mkiniona hapa mtanicheka. Nimelilalia wiki tatu nzima!"

"Ulinunua lini, mzee?" Mwikali aliuliza.

"Tarehe tisa, mwezi wa pili."

"Tisa, ya pili," Mwikali alirudia polepole. Karatasi za Kisauni alikuwa akiziandika yeye mwenyewe, majina mengi kwa mpigo. Akaitungua ile karatasi ukutani, ambako Mzee Badi alikuwa ameitundika kama kalenda. "Hapa imeandikwa pili, ya tisa."

Elkana alisogea karibu na karatasi.

"Na hoteli ya Shanzu," Mwikali alisema, "tuliwapelekea lini mara ya kwanza?"

"Tarehe tatu," Elkana alisema. "Tarehe tatu mwezi wa pili. Ngai!"

Hapakuwa na mauzo ya mbele wala ya nyuma. Yalikuwa mauzo yale yale ya Februari, yamegeuzwa miguu juu. Mwikali akampigia Kioko Nairobi, akaiweka simu kwenye spika, wote wakaizunguka, Mwidani naye kutoka kwenye godoro lake. Kioko alimwongoza kwenye ule ukurasa, akamwambia asome kilichoandikwa.

"Nchi," Mwikali alisoma. "Marekani."

"Ndiyo hiyo! Wamarekani huandika mwezi kwanza, ndipo siku. Nyinyi mkiandika tisa mkwaju mbili, yenyewe inasoma Septemba mbili. Mimi niliiacha Uingereza, wao huandika kama sisi. Nani aliyeweka Marekani?"

Elkana alimtazama Mishi, Mishi alimtazama Mwikali. Mzee Badi alikohoa.

"Mimi."

"Kwa nini, Mzee?"

"Nilifungua orodha, Kenya haimo. Nikaona tumeandikwa Uingereza." Alijinyoosha. "Waingereza wameshatutawala. Nikasema safari hii tujaribu wengine."

Ilisikika kama Kioko ameiweka simu mezani. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imetulia kwa juhudi.

"Mwikali, endelea kusoma. Saa?"

"Saa tisa na dakika kumi. Sawa kabisa."

"Sawa vipi? Hapa Nairobi ni saa tisa, ndiyo, lakini mashine huhesabu kizungu. Inatakiwa isome tatu, tena ya mchana. Kwa hesabu yake hapo bado ni asubuhi!"

"Ilikuja na saa mbovu," Mishi alisema, akijitetea. "Asubuhi saa mbili inasema nane. Nikaitengeneza. Si mlisema ni ya kusaidia?"

"Mitaa?" Kioko aliuliza, kama daktari anayeogopa jibu.

Mikindani ilikuwa imehamishiwa Shanzu. Elkana akajikuna kisogo. Mauzo ya Shanzu yalihesabiwa kuwa yake, alisema, na Mikindani hupitia mara nyingi, kwa hivyo aliona ni haki ikae naye.

"Siku za wiki?"

Hapo Mwikali hakusoma. Uso ulimwiva.

"Ziko sita," alisema mwishowe. "Niliondoa Jumapili. Jumapili mimi niko kanisani, hapa hatufungui, na kwenye picha ilikuwa ikiacha pengo baya. Niliona picha ipendeze."

"Na duka la Kisauni? Halifungui Jumapili?"

"Linafungua," Mwikali alisema, na safari hii sauti yake haikufika mbali.

Mwidani aliwatazama mmoja mmoja. "Kumbe wote mmeshika usukani," alisema. "Lori la kwenda Septemba ndilo mimi mkanipandisha."

Alianza kucheka yeye, na kicheko chake kikamshika Mishi, kisha Elkana, mpaka Mzee Badi akawa anafuta macho kwa ncha ya leso aliyoitoa mfukoni. Mwikali peke yake hakucheka. Alikuwa akirudisha kila kitu mahali pake, mstari kwa mstari, Kioko akimsikiliza. Kisha akabonyeza, printa ikalia upya.

Karatasi iliyotoka haikuwa na Oktoba wala Desemba. Ilikuwa Februari tu. Mzee Badi aliishika kwa tahadhari.

"Kwa hiyo kesho haiijui."

"Haiijui, Mzee."

"Hata kidogo?"

"Inajua jana tu. Lakini jana inaijua vizuri. Tazama."

Kwenye picha palikuwa na mlia mmoja uliopita mingine yote. Ulikuwa wa Jumapili, wa duka la Kisauni, na wateja wake karibu wote walikuwa wa Junda. Mvua zilikuwa zimewamwagia maji ndani ya nyumba, wiki nzima walikuwa makazini, na siku waliyopata nafasi ya kwenda dukani ilikuwa Jumapili. Mauzo hayo yote yalikuwamo tangu mwanzo, yamefunikwa na picha iliyopendeza.

Mzee Badi alilitazama lori nje, na ghorofa lake la magodoro ya mistari ya buluu. Hakusema imani yake mpya ni ipi. Alisema tu, "Elkana, usiyashushe."

Jumapili ile lori lilisimama Junda, karibu na uwanja wa mpira, na Mzee Badi mwenyewe akakaa juu yake. Mwikali alitoka kanisani moja kwa moja akaja kuandika. Kabla ya alasiri hapakuwa na hata godoro moja la hoteli lililobaki. Watoto wa Junda walilala kitalii wiki ile. Baadhi ya wanawake walimwuliza Mzee Badi alijuaje kwamba wanahitaji, naye, kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima, akajibu kwamba hakujua, aliambiwa.

Kuhusu ule ukurasa, neno la siri lilibadilishwa, na safari hii Mwikali alilichagua peke yake, huku wengine wamegeuzia nyuso zao ukutani kwa amri ya Mzee Badi. Yeye mwenyewe aligeuza uso wa kwanza. Mtu akitaka kubadilisha kitu, alikuwa akimwambia Mwikali mbele ya wenzake, na Mwikali akieleza kitakachotokea. Mishi aliomba saa ya Kiswahili, akakataliwa, akanunua saa ya ukutani akaitundika juu ya kompyuta. Elkana alirudisha Mikindani. Mzee Badi alikuja kila baada ya siku kadhaa na ombi lake: milia iwe ya kijani, jina la kiwanda liwe kubwa zaidi, na je, Kenya haijaingia kwenye orodha? Rangi alikubaliwa.

Lililobaki ni Mwidani. Mzee Badi alikwenda Mikindani mwenyewe, akasimama baada ya sala ya Ijumaa, akawaeleza watu kwamba mashine ilikosea, kwamba hapana harusi. Walimsikiliza kwa adabu. Walipotoka walikubaliana kwamba Badi ametumwa na Mwidani kuficha mambo, na kwamba bila shaka bibi harusi ni mtu mkubwa. Dada wa Likoni hawakuondoka. Posa ziliendelea kuja.

Mtu pekee aliyemwamini alikuwa Bi Kafedha wa viazi. "Mwanamume anunue godoro la mgongo, mwasema la harusi!" aliwakemea wanawake kibandani pake. "Mwamwonea mzee wa watu." Mwidani alisikia, akaja kumshukuru. Alirudi kesho yake kumshukuru tena. Alishukuru karibu mwezi mzima, akila viazi vingi kuliko alivyowahi kula, mpaka Bi Kafedha akamwuliza kama ana neno jingine au ni shukrani tu. Lilikuwapo.

Siku ya kupanga ndoa dada zake walitaka mwanzo wa mwezi. Mwidani alikataa katakata. Alitaka tarehe ishirini na tano ya mwezi wa nne, na hakukubali hata siku moja nyuma.

"Hapana nchi yenye mwezi wa ishirini na tano," alisema. "Hiyo waigeuze wanavyotaka."

Ndoa ilifungwa siku hiyo, Mikindani, na Mzee Badi alikuwa shahidi. Alikula pilau sahani mbili, akasimulia habari ya Shanzu kwa watu wasioisikia, na wasindikizaji walipokuwa wakiondoka Bi Kafedha alimvuta kando. Alitaka kujua kama kiwanda hubadilisha magodoro. Lile la mumewe, alisema, ni gumu kama ubao, na yeye mgongo wake hauna kosa lolote.

"Njoo siku yoyote," Mzee Badi alimwambia. "Tunafungua kila siku."